Kabla hujaenda kutafuta gazeti la zamani, muulize mzee alilisoma kwa lugha gani

Babu yangu anakaa Makambako, na tangu nipate akili ana hadithi moja asiyoiacha: aliwahi kutoka gazetini. "Standadi, mke wangu," huniambia (ndivyo anavyoniita, utani wa babu na mjukuu), "mwaka ule reli inafika Tunduma. Nimeshika sururu. Nenda kaitafute huko mjini kwenu." Alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa TAZARA, na mwaka wenyewe hauna ubishi: reli iligusa Tunduma 1973. Mwaka juzi nikaona nisimwahidi tena. Niitafute, niichape, nimpelekee kwenye fremu.

Likizo yangu yote iliishia humo, pamoja na siku kadhaa za ruhusa ambazo bosi wangu hadi leo anaamini nilikuwa naumwa. Ningejua ninayoyaandika hapa, nadhani ingekuwa kazi ya siku tatu. Na kila nikisimulia, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba na shangazi yake "alitoka kwenye gazeti la serikali", ila hajui aanzie wapi.

Mimi nilianzia kwenye jina, na hapo ndipo nilipopotea. Nilifika maktaba nikaomba Standard ya 1973. Nikaletewa majuzuu makubwa, nikafunua kwa bashasha, saa nzima nasoma habari za Nairobi. Lilikuwa East African Standard, gazeti la Kenya. Niliporekebisha ombi na kusema nataka la Tanzania, mama wa maktaba akaniangalia juu ya miwani: "La Tanzania la mwaka huo halipo, mwanangu. Lilikwisha 1972."

Usifanye kosa langu. Gazeti la serikali la Tanzania ni lile lile moja lililobadilisha jina na mmiliki, na majuzuu hupangwa kwa jina lililokuwa juu ya ukurasa siku hiyo. Lilizaliwa 1930 likiitwa Tanganyika Standard, mtoto wa gazeti hilo hilo la Nairobi nililoletewa kimakosa. Lilikuwa gazeti la Wazungu wa utawala, wakulima wa mkonge na wafanyabiashara, na Mwafrika alionekana humo zaidi akiwa mahakamani. Baada ya uhuru likaitwa The Standard. Mwaka 1967 kundi zima la Standard likaangukia mikononi mwa Lonrho, kampuni ya Kiingereza. Kwa hiyo fikiria hali ilivyokuwa: mwaka huo huo Azimio la Arusha linatangaza njia kuu za uchumi ziwe mali ya umma, na gazeti kubwa la Kiingereza mjini Dar es Salaam ni mali ya kampuni ya London.

Tarehe 5 Februari 1970, siku Azimio lilipotimiza miaka mitatu, serikali ikalichukua. Kama unatafuta chochote cha miaka hiyo, omba gazeti la wiki ile hata kama mzee wako hahusiki. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyekuwa Mhariri Mkuu kwa cheo, na alilipa gazeti mwongozo wa kazi: liunge mkono sera za nchi kwa ujumla, lakini liwe huru kujadili na kukosoa jinsi sera hizo zinavyotekelezwa. Uhariri wa kila siku alipewa Frene Ginwala, mwanamke kutoka Afrika Kusini, mtu wa ANC aliyekuwa uhamishoni. Wengi wetu tulikuja kumfahamu baadaye sana, alipokuwa Spika wa kwanza wa bunge la kidemokrasia la nchi yake kuanzia 1994.

Uhuru ule ulikuwa na kamba, na urefu wa kamba ulijulikana 1971. Gazeti liliandika tahariri iliyomshambulia Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwanyonga viongozi wa kikomunisti wa nchini mwake, na Ginwala akaondolewa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye somo zima la gazeti la serikali: serikali inaweza kuvumilia ukiikosoa wizara yake, lakini ukimkosoa rais wa nchi rafiki, ni kama wizara ya mambo ya nje ndiyo iliyoandika. Gazeti halina tena njia ya kusema "haya ni maoni yetu sisi".

Aprili 1972 The Standard likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la Kiingereza la TANU, na kutoka hapo likazaliwa Daily News. Mhariri Mtendaji akawa Benjamin Mkapa, aliyekuwa akihariri magazeti ya chama. Ndiyo, Mkapa huyo huyo aliyekuja kuwa Rais 1995. Huwa nawaambia rafiki zangu wanaodharau uandishi wa habari wakumbuke hilo, ingawa sina hakika kama ni sifa kwa uandishi au ni onyo.

Basi 1973 ya babu ilikuwa ndani ya Daily News. Lakini babu hakukosea sana kusema Standadi. Kampuni inayolichapa inaitwa Tanzania Standard (Newspapers) Limited, TSN, mpaka leo, na wazee wa rika lake jina hilo halikuwatoka mdomoni. Ni kama dawa ya meno: kwa bibi yangu kila dawa ya meno ni Colgate. Mzee akikutajia jina la gazeti, andika mwaka. Jina utalitafuta mwenyewe.

Nikaanza upya na Daily News. Sasa mambo madogo ya mezani, ambayo hakuna aliyenifundisha.

Majuzuu ya magazeti ni makubwa kama mlango wa kabati na ni mazito. Omba moja moja, lilaze mezani, usilishike mkononi. Beba barakoa, maana vumbi la karatasi lilinipa mafua ya wiki nzima. Beba penseli. Na vidole: mimi, kama Mtanzania yeyote anayehesabu noti, nililamba kidole nikafunua ukurasa. Kona ikabaki kwenye kidole, ya kahawia, imekauka kama gamba la kitunguu. Mama wa maktaba hakufoka. Alisogea tu akasema, "Hilo gazeti lina umri kuliko mama yako, usililambe." Unaingiza kiganja chini ya ukurasa kutoka pembeni, unaunyanyua wote, unaulaza upande wa pili. Ukizoea ni haraka kuliko kulamba.

Ukipiga picha kwa simu, piga kwanza ukurasa mzima, tarehe na namba ya ukurasa vionekane, ndipo usogee karibu. Nina picha kumi na mbili nzuri sana kwenye simu yangu ambazo sijui zilitoka gazeti la lini.

Na usisimame kwenye tarehe ya tukio. Hilo lilinigharimu siku mbili. Siku tukio linapotokea, ukurasa wa mbele ni wa wakubwa: nani kapokelewa na nani, nani kasema nini kwenye hotuba. Picha ya watu wenye sururu ilisafiri kutoka porini hadi Dar es Salaam, ikasubiri nafasi, ikatoka siku ambayo hakuna mgeni wa taifa. Soma mbele wiki tatu, hata nne.

Katika kusoma mbele huko ndiko utakakopotelea, na nakushauri upotee kidogo. Kurasa za mbele za gazeti la serikali zinachosha, sitakudanganya. Vijiji vinahamia kwenye ujamaa na kila mtu anafurahi. Mimi nina mama mkubwa aliyehamishwa wakati wa operesheni ya vijiji akiwa mtoto, na anachokumbuka ni mahindi yaliyoachwa shambani. Ukiambiwa na gazeti kwamba watu wamefurahi, elewa kwamba umesoma alichotaka mwenye gazeti kiwe kweli. Nayo ni habari, ila ni habari ya mwenye gazeti.

Lakini fungua ndani. Barua za wasomaji, ambako watu wanalalamika kweli kweli. Matangazo ya kazi, na mishahara yake. Matangazo ya sinema: Empire, Avalon, Empress, filamu za Kihindi na za kareti, mji mzima ulikuwa unakwenda wapi Jumamosi. Tanzia. Huko ndani hakuna aliyekuwa na haja ya kumfurahisha mkubwa, na kama shangazi yako alitoka gazetini, uwezekano mkubwa alitoka huko.

Nilikuwa nimefika nusu ya majuzuu ya mwaka ule nilipompigia babu, nimechoka.

"Shikamoo babu. Hivi hilo gazeti ulisomewa na nani?"

"Kusomewa?" Akachukia kidogo. "Nilisoma mwenyewe. Darasa la nne la mkoloni, unadhani mchezo?"

Nikakata simu nikakaa kimya. Babu hajui Kiingereza. Anajua "good morning" na "stand up". Na Daily News ni la Kiingereza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mimi ni wa kizazi kilichokua kikiona HabariLeo mezani, nikadhani gazeti la serikali siku zote lilikuwa na sauti ya Kiswahili. Kumbe HabariLeo lilianza 2006. Kuanzia 1970 mpaka hapo, miaka 36, gazeti la kila siku la serikali ya wajamaa lilizungumza na wananchi wake kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Mkoloni, kwa ajabu, hakufanya hivyo: Waingereza walikuwa na Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu kwa Kiswahili tangu 1923, na mashairi ya Shaaban Robert yalisomwa humo. Najua jibu litakalokuja, na ni la haki: Kiswahili kilikuwa na Uhuru, gazeti la TANU lililoanza 1961, na kilikuwa na Redio Tanzania. Chama kilizungumza na mwananchi, serikali ikazungumza na mabalozi, wataalamu na wahadhiri. Wakati wa chama kimoja mtu angeweza kusema tofauti haipo. Kwa mtu anayetafuta picha ya babu yake tofauti ipo, ni rafu mbili mbalimbali za maktaba.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mzee, kabla ya mwaka na kabla ya jina, ni hili: ulilisoma kwa lugha gani, na nani alikuwa nalo mkononi? Kama alikuwa nalo mwalimu, karani au daktari, anza na Daily News. Kama lilizunguka kambini likichanika mpaka likaishia kufungia karanga, anza na Uhuru, na Jumapili utafute Mzalendo.

Na usitegemee maktaba moja. Katika mojawapo nilikuta ukurasa umekatwa kwa wembe, safi kabisa, dirisha la mraba katikati ya habari. Nafikiri mjukuu mwingine alinitangulia. Mjini Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, kuna chumba cha East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, na kuna Nyaraka za Taifa, Upanga. Kama unachotaka ni picha yenyewe na siyo gazeti, waulize pia Idara ya Habari, Maelezo. Nenda na barua ya utambulisho hata ya serikali ya mtaa, na uende asubuhi.

Niliiacha Daily News njiani nikahamia Uhuru. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, nikaiona. Reli, kifusi, Wachina wawili wenye kofia pana, na vijana wetu watano wamesimama mstari, wa katikati ameshika sururu, kifua mbele. Nilitaka kupiga kelele. Mle ndani hairuhusiwi, nikaenda kupigia uani.

Nikaichapa kubwa, nikaiweka kwenye fremu, nikapanda basi. Babu akavaa miwani, akaiegemeza picha kwenye kikombe cha chai, akaiangalia mpaka chai ikapoa.

"Huyu siyo mimi," akasema, kidole kwenye kijana wa katikati. "Huyu alikuwa wa Ifakara, ameshafariki. Mimi ndiye huyu." Kidole kikateleza hadi pembeni kabisa, kwenye kiwiko na kipande cha mpini.

"Babu, hicho ni kiwiko."

"Ni changu. Na hii siyo yenyewe. Hii ya Uhuru nilisoma mwenyewe, sawa, lakini mimi nilikuambia Standadi. Ile ya Standadi tulisomewa na mkalimani wa Wachina. Kule nimetokea mzima."

Ile nusu ya 1973 niliyoiruka bado inanisubiri. Wiki ijayo naumwa tena.