Kwa nini alirudi mwenyewe

Mwanangu,

Huku nyumbani sote wazima. Ujumbe wako niliusoma usiku ule ule ulipomaliza kuangalia I Am a Fugitive from a Chain Gang, ile filamu ya 1932 ya wafungwa wanaofanyishwa kazi ngumu wakiwa na minyororo miguuni. Umeniuliza: "Mama, mtu keshatoroka, ana kazi nzuri Chicago, kwa nini arudi gerezani kwa miguu yake?"

Alirudi kwa sababu aliahidiwa. Siku 90 tu, kisha msamaha. Naye James Allen, anayeigizwa na Paul Muni, alikuwa amechoka kushtuka kila mlango ukibishwa. Mimi simwoni mjinga hata kidogo. Muungwana hudhani kila mtu hutimiza neno lake, na hapo ndipo wakubwa wa jimbo walipomnasa.

Wala si jambo la kubuni. Robert Elliott Burns, askari aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, alihukumiwa Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, mwaka 1922 miaka 6 hadi 10 ya kazi ngumu, kwa wizi wa dukani uliowapa yeye na wenzake dola 5.80. Akatoroka, akawa mhariri wa jarida Chicago, akachongewa 1929, akarudi kwa hiari. Ahadi ikavunjwa. Akatoroka tena 1930, akaandika kitabu kilichozaa filamu hii.

Hebu kiangalie tena kile kipande cha nyundo. Allen anamwomba Sebastian, mfungwa mweusi mwenye shabaha, aigonge pingu ya mguuni mpaka ipinde, ili mguu upate kuchomoka. Askari hawako mbali. Nyundo inashuka, Allen anauma meno asipige kelele. Sebastian akikosea kidogo tu, mfupa umekwisha. Nilikirudia mara tatu. Allen anakwenda zake, Sebastian anabaki kwenye kazi ngumu. Kwenye makundi ya kweli ya wafungwa wa minyororo ya Georgia wengi walikuwa weusi kama yeye, na majina yao hayakufika kwenye sinema yoyote. Hilo, mwanangu, linaniuma kuliko yote.

Burns alikimbilia New Jersey, na Desemba 1932 gavana wa huko akakataa kumrudisha Georgia. Georgia haikumwachia mpaka 1945, gavana wake wa wakati huo, Ellis Arnall, aliposimama mwenyewe kumtetea mbele ya bodi ya msamaha. Kifungo kikahesabiwa kimekwisha, miaka 23 baada ya zile dola 5.80.

Na siku hiyo pia, Burns alikwenda Georgia kwa miguu yake.

Mama yako