Mrabaha Usio na Tarehe ya Mwisho

Kama unauza au kununua leseni ya hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, yaani patent) Marekani, anza na ukurasa unaosema mrabaha, yaani malipo ya kutumia haki hiyo, utalipwa hadi lini. Stephen Kimble alikuwa na hataza ya kifaa cha kuchezea kinachorusha nyuzi za povu kama Spider-Man. Aligombana na Marvel, kampuni ya Spider-Man, wakapatana: takriban dola nusu milioni taslimu, kisha asilimia 3 ya mauzo. Mwisho wa malipo hawakuuandika. Hataza ikaisha muda mwaka 2010, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikasema mauzo ya baada ya hapo hayadaiwi mrabaha. Ilifuata tu hukumu yake yenyewe ya mwaka 1964. Kanuni hii ni kali kupita kiasi, lakini ndiyo sheria, na kuandika "milele" hakuipindui.

Ila hukumu hiyohiyo imeacha milango wazi. Ukiuza hataza pamoja na siri ya biashara, zitenganishe: asilimia 5 hataza ikiwa hai, kisha 4 kwa ajili ya siri peke yake. Kiwango lazima kishuke. Kikibaki palepale, utaulizwa hiyo pesa ni ya nini. Kama hataza ni kadhaa, mrabaha unaweza kuendelea mpaka ya mwisho iishe. Au hesabu deni kwa mauzo ya wakati wa hataza, ila lilipwe polepole hata baada ya hapo.

Ugomvi mwingine uko kwenye neno "mauzo". Asilimia 3 ya dola milioni moja ni 30,000. Mnunuzi wa leseni akikata kwanza punguzo la maduka, bidhaa zilizorudishwa na usafirishaji, tuseme asilimia 20, unabaki na 24,000. Taja kila kinachokatwa, weka kikomo, na ujipe haki ya kukagua vitabu mara moja kwa mwaka. Upungufu wa malipo ukizidi asilimia 5, gharama ya mkaguzi iwe ya mnunuzi.

Kwa anayelipa: tangu mwaka 2007 si lazima usitishe malipo ndipo upinge uhalali wa hataza mahakamani. Endelea kulipa, na kila malipo yaambatane na barua kwamba unalipa huku ukipinga. Ukiacha kulipa kwanza, unampa mwenzako sababu ya kuvunja leseni na kukushtaki kwa kuingilia hataza yake.