Fundi, taa ya injini imewaka tena

IST yangu iliwasha taa ya injini. Mashine ikasoma P0171, fundi akabadilisha sensa ya oksijeni. Siku ya tatu taa ikarudi. Ninunue nyingine?

Usinunue. P0171 maana yake hewa imezidi mafuta. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa, ninyi mmemfunga shahidi. Chomoa ule mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, ukunje juani: mikunjo hupasuka kwa chini, ukiutazama kwa juu unauona mzima. Ukiwa salama, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake, kisha pima presha ya pampu ya mafuta. Na fundi anayefuta namba ya kosa kwenye mashine akakwambia gari limepona, hajatengeneza kitu.

X-Trail yenye gia otomatiki ya CVT, tumemwaga hydroliki (oili ya gia) na kuweka nyekundu ya kawaida. Sasa inavuma na kuchelewa kuondoka.

Jamani, swali hili tena! CVT haina gia za kawaida. Ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili isiyo yake inauachia uteleze. Nissan inataka NS-2 au NS-3, kitabu cha gari kinasema ipi. Paki leo. Fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya gia, utazame sumaku iliyomo: tope laini la kijivu ni la kawaida, lakini ukisikia chembe zinakwaruza kidoleni, mkanda umeshakula puli na oili mpya haitakuokoa.

Gari lilikuwa linachemsha, fundi akatoa thermostati (valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto). Anasema Dar kuna joto, haihitajiki.

Joto la Dar ni nyuzi 30 na ushei, injini inataka karibu 90. Bila thermostati inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe haujaguswa. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (ya moto itakubabua), fungua mfuniko wa rejeta, uwashe. Mapovu yakitoka mfululizo, ni gasketi ya silinda hedi. Yasipotoka, tazama feni na rejeta.

Moshi wa bluu?

Oili inaungua. Asubuhi tu ukiwasha, sili za valvu. Kila ukikanyaga mafuta, ringi za pistoni.

Timing belt ya Vitz ibadilishwe kilomita ngapi?

Vitz ina cheni, si mkanda. Kama umeshatozwa hela ya mkanda, mwombe fundi akuonyeshe ule wa zamani.