Usihamie bado! Kwanza ingiza kichwa kabatini

Mkuu, ahirisha lori la Jumamosi. Umeandika kwamba nyumba imekamilika juzi, harufu imejaa kila chumba, mna mtoto wa miezi minne, na unauliza urudie kupaka rangi gani, uweke zulia au vigae, na mashine ya kusafisha hewa ununue ya ukubwa gani. Nimesoma nikajishika kichwa. Ni mimi kabisa huyo, miaka mitatu iliyopita, mpaka mpangilio wa maswali.

Achana na rangi. Rangi ina kelele nyingi lakini haidumu: mivuke yake na ya tina hutoka kwa wingi siku na wiki za mwanzo, na madirisha yakiwa wazi inapungua haraka. Wewe umetaja kwa kupita tu "makabati ya ukutani vyumba vyote", kama mtu anayesimulia habari njema. Hapo ndipo niliposhtuka. Kama ni MDF au chipbodi, basi ni nyuzi au vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo mara nyingi ni ya urea na formaldehaidi. Rangi ikishakauka imekauka. Gundi ile unyevu unaimegua kidogo kidogo, joto linaisukuma, nayo inaendelea kutoa gesi ya formaldehaidi, inayowasha macho na koo, miezi na hata miaka.

Sisi tulihamia siku ya tano. Wiki haijaisha, macho yanatuwasha na mwanangu mdogo anakohoa usiku kucha. Nikamlaumu fundi rangi, nikapaka chumba cha mtoto upya kwa rangi ya maji "isiyo na harufu". Kikohozi kilekile. Nikapaka tena! Mara tatu ukuta mmoja, kabati likinitazama. Na fundi alikuwa ametuambia tufunge madirisha vumbi lisishike kwenye rangi mbichi, tukatii kama wanafunzi. Kiyoyozi cha ukutani kikawa kinazungusha hewa ileile ya ndani, maana chetu hakivuti hewa ya nje, kinapooza iliyopo tu. Harufu ikituzidi tunapulizia manukato ya limau. Baadaye ndipo nikajua kwamba limonini, ile kemikali ya harufu ya limau iliyomo humo, ikikutana na gesi ya ozoni iliyomo hewani inazalisha formaldehaidi nyingine. Tulikuwa tunapika supu, na nyama ni sisi wenyewe.

Kilichotuamsha si akili yangu. Tulikwenda kwa bibi yake siku tatu, kikohozi kikakatika. Tukarudi, usiku uleule kikaanza. Asubuhi nikaenda kupanga nguo zake, nikafungua kabati lililokuwa limefungwa siku zote tatu, nikaingiza kichwa. Machozi, mkuu. Ya kweli, si ya uchungu wa hela, ingawa hayo nayo yalifuata. Nikachomoa rafu nikaigeuza: mbele imepakwa inang'aa, chini ni ubao mtupu. Mgongo wa kabati mtupu, kingo zilizokatwa tupu, matundu ya bawaba matupu. Na kingo zilizokatwa ndizo zinazovujisha zaidi. Nikampigia seremala. Unajua alinijibu nini? "Huko nyuma nani ataona?" Mapafu ya mwanangu yameona, fundi wangu. Nikamwambia kwamba tangu 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka formaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Akasema nasoma sana mtandaoni. Basi wewe hukusoma popote!

Mwingine ninayemdai ni aliyeniuzia mashine. Chujio la HEPA linakamata vumbi na chavua, ila gesi inapita humo kama mwenye nyumba. Chujio la mkaa linasaidia kwa mivuke mingi ya rangi, lakini formaldehaidi ni molekuli ndogo sana, na mkaa wa kawaida hauishiki vizuri. Yangu ilikuwa inapima vumbi tu, kwa hiyo iliwasha taa ya kijani muda wote huku macho yetu yakiwa mekundu. Na kabla hujaniuliza kuhusu mimea: lile jaribio la NASA la 1989 linalotajwa kila siku lilifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa, si kwenye chumba ambacho watu wanaingia na kutoka. Mimi nilipanga vyungu tisa. Mbu walishukuru.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha hata kijiko, fanya hivi: funga makabati yote na madirisha jioni, lala kwingine, asubuhi fungua kabati moja moja uingize kichwa. Likikuwasha macho au koo, litoke chumbani kwa mtoto. Si kesho. Lisipowasha, usishangilie bado, pua zinazoea haraka. Geuza rafu uangalie kama kila upande umefunikwa, na muulize seremala mbao zina muhuri gani. E1 ni daraja la Ulaya la utoaji mdogo, na hata hiyo si sifuri. Mimi nilijaribu kuziba kingo zote kwa vanishi, nje, juani, wiki nzima. Ilipunguza, haikumaliza, na hiyo vanishi nayo ilikuwa na mivuke yake. Mwisho niliyang'oa. Mwanangu analala kwenye chumba chenye kitanda cha mbao nzima, dirisha wazi, na nguo zake zinaning'inia kwenye bomba la chuma kama duka la mitumba. Hakohoi.

Zulia au vigae? Weka vigae. Ukubwa wa mashine sijui, yangu naitumia kuwekea simu. Ukishaingiza kichwa njoo hapa utuambie.