Farasi wa miaka 4 kwa mtu wa masomo 10? Yaya, rudisha makuta mfukoni

Yaya usinunue. Nimesoma swali lako mara mbili, ya pili nilisoma nikiwa nashika bega langu la kushoto, hili lenye linanikumbusha kila asubuhi ya mwezi wa sita baridi ikipiga hapa Lubumbashi. Unasema umefanya masomo 10 ya kupanda farasi, troti, ile mbio ndogo, unaiweza bila kuanguka, moniteri, mwalimu wako wa farasi, amekwambia "uko Galo 3 tayari", na ana rafiki mwenye farasi wa miaka 4 wa bei nzuri, eti mtajifunza pamoja. Mtajifunza pamoja! Hayo maneno miye niliambiwa vilevile miaka 6 iliyopita, mpaka najiuliza kama siyo mtu mmoja anazunguka nayo mji mzima.

Ngazi uliuliza, nikujibu haraka. Hizo Galo ni ngazi za federasyo ya kupanda farasi ya Ufaransa, zinaanza 1 zinafika 7. Miye nilikuwa nasikia "galo" nafikiri mbio, maana kwa Kifaransa njo maana yake, basi kichwani mwangu mtu wa Galo 4 alikuwa anakimbia kupita wa Galo 2, kama vitesi, gia za pikipiki. Haiko hivyo. Kila ngazi ina sehemu ya juu ya farasi na ina sehemu ya chini, ukiwa kwa miguu yako mwenyewe: kumkaribia, kumfunga, kumwongoza, kusafisha kwato, kumtandika, kujua anakula nini na akiumwa anaonyesha nini. Moniteri wangu hiyo ya chini aliiruka yote. Nilikuwa nafika nakuta kijana wa zizi ametandika tayari, napanda, nazunguka saa moja, nashuka, mtu anapokea hatamu kama vile miye ni gavana. Masomo 12 sijainua ukwato hata mmoja! Na usifikiri kulikuwa mtihani ao cheti, Galo 3 yangu ilitoka mdomoni mwake tu, tena siku ileile aliyonitajia habari ya farasi wa kuuza. Wewe hujashtuka bado?

Sasa sikiliza nilivyonunua. Nilikuta farasi amesimama kichwa chini, mpole, namgusa masikio hasemi kitu, nikamwambia bibi yangu ona, ana tabia kama padri. Alikuwa ametandikwa tayari, na pembeni ya tandiko jasho limekauka limeacha chumvi nyeupe. Leo najua kile kitu: farasi mwenye jasho kabla wewe hujafika, kuna mtu amemkimbiza tangu alfajiri ili umkute ametulia. Mbavu zake nilikuwa nazihesabu kutoka getini, nikafikiri njo umbo lake. Kumbe upole wote ule ulikuwa njaa na uchovu. Sikuomba nimuone anakamatwa uwanjani, sikuomba muuzaji apande yeye kwanza, sikuita daktari wa mifugo. Pikipiki ya mitumba nilipoenda kununua nilibeba mafundi wawili, farasi wa dola 2,500 nilibeba bibi na simu ya kupigia picha.

Mwezi wa kwanza raha tupu. Nikamlisha kwa upendo, nafaka asubuhi na jioni, kazi nusu saa mara mbili kwa juma. Mwezi wa tatu aliamka. Mbavu zikajificha, shingo ikajaa, padri akaondoka akaja mwanajeshi. Na kila siku nilikuwa namfundisha ujinga bila kujua, maana farasi anajifunza muda wote, hata ule muda unafikiri unamsafisha tu. Akinisukuma na bega narudi nyuma hatua moja, kwangu ni adabu ya kumpisha, kwake ni jibu: huyu mtu anahama. Nilirudi nyuma hatua nyingi sana, ukizipanga unafika mji wa Kipushi.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mungu, kiangazi, vumbi, ile barabara ya udongo pembeni ya mji. Kumpanda alikuwa amekataa, kila nikiweka mguu kwenye kikuku anazunguka, basi nikasema nitamtembeza tu apoe. Na ili nisimwachie, nikaizungusha ile kamba kwenye mkono. Mara mbili. Nilijiona mtu makini sana. Kamyo ikapita, bashi yake, lile turubai la juu, haikufungwa vizuri, upepo ukaiinua, paaa! Yeye kilo 400 na kitu, miye kilo 68 na viatu. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka kuvutwa, nakumbuka kichuguu kinakuja usoni, unajua vichuguu vyetu vya Katanga vilivyo, ile ni nyumba ya ghorofa. Bahati kamba ilifunguka kabla ya kile cha pili. Mfupa wa bega ulivunjika, vidole viwili vilitoka mahali pake, na miye nilikuwa sijapanda hata farasi mwenyewe. Kazini niliwaambia nilianguka kwenye galo, nani atakubali kwamba amevunjwa na mnyama aliyekuwa anamtembeza kama mbuzi?

Niambie ni nani alikosa pale. Farasi aliyefundishwa vizuri, ambaye makamyo ameyaona miaka, angeinua kichwa, angeruka kidogo pembeni basi. Na mtu aliyefundishwa hazungushi kamba kwenye mkono HATA SIKU MOJA, anaikunja mikunjo mikunjo anaishika katikati, ikivutwa anaachia. Hiyo ni ya wiki ya kwanza kabisa, mtoto anafundishwa. Pale barabarani tulikuwa wawili na hakuna aliyejua hata kimoja. Njo maana miye leo kanuni yangu ni moja, nitaisema mpaka mnichoke: kati yako na farasi, mmoja lazima awe anajua kazi. Na yaya, masomo 10, siyo wewe. Kwa hiyo lazima awe yeye, na wa miaka 4 hawezi kuwa yeye, huyo bado anakua, hajaona kitu. Tafuta wa miaka 12, 14, mzee wa kazi, usiogope umri, farasi anayetunzwa anaishi miaka 25 na zaidi. Ao usitafute kabisa, endelea kulipia masomo, ni rahisi kuliko lopitali.

Moniteri nilimpigia simu kutoka kitandani. Unajua alisema nini? "Farasi hana shida, wewe njo uliacha masomo." Niliacha masomo kwa sababu nani aliniambia niko Galo 3?! Baadaye kijana wa zizi akanitobolea siri kwamba kwenye zile 2,500 mwalimu wangu alikuwa na yake 400. Sitaki hata kuendelea hapo, nitaandika matusi.

Nilimuuza dola 900. Mama mmoja mwenye amekulia na farasi alimchukua, akamrudisha kwenye lonje miezi, ile kamba ndefu farasi anakuzunguka, bila mtu kumpanda. Leo anabeba watoto. Nilienda kumuona, akanipita kama hanijui.

Kwa hiyo ngazi za kweli, kwa miye aliyezirudia akiwa na bega bovu: umtoe mwenyewe uwanjani, umfikie upande wa bega huku unamsemesha, usimtokee nyuma kabisa kwani pale hakuoni. Umtembeze, ukisimama asimame, ukimwambia arudi nyuma arudi YEYE. Miguu yote minne uiinue. Umtandike mwenyewe, ule mkanda wa tumboni unaukaza kidogo kidogo na unaurudia kabla ya kupanda, wengine wanavimbisha kifua wakitandikwa, ukipanda bila kurudia tandiko linazunguka na wewe ndani. Hapo ukiweza njo upande, kwenye lonje, bila hatamu bila vikuku, mpaka mikono yako ikome kuning'inia kwenye mdomo wa mnyama. Troti ya kuinuka na kukaa, unainuka bega lake la nje likienda mbele. Kusimama kutoka kwenye troti mahali ulipochagua wewe, siyo mahali alipochoka yeye. Galo inakuja mwisho, ndani ya uzio, na nje ya uzio bado hatujafika. Miye kwa mara ya pili ilinichukua karibu mwaka kufika pale. Kwa mara ya kwanza nilifika kwa wiki sita, unaona faida.

Na bei ya farasi haiishii kwenye bei. Mvua zikianza kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaletwa na usubi, hao wanauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, kwa hiyo usiku alale ndani, zizi lifungwe vizuri, mlinzi, majani, daktari, kukata ukwato kila majuma sita ao nane. Ulihesabu hayo?

Kama bado kichwa kinakuuma na huyo wa miaka 4, fanya hivi: nenda bila kupiga simu, saa 12 asubuhi, umkute hajatandikwa, halafu umwombe muuzaji apande yeye kwanza. Akikuambia leo mgongo unamuuma, niandikie inboksi nikutumie radiografi yangu.