Kuchora masharubu kwenye kadi za besiboli, bei itashuka?

Mkuu, kama hilo boksi ulilopewa huko Ohio ni kadi za 1987 mpaka 1992 we chora tu masharubu na miwani, miaka ile zilichapwa nyingi kupitiliza na kadi nyingi saa hizi hazifiki hata dola moja. Ila geuza nyuma kwanza, msimu wa mwisho kwenye takwimu za mchezaji ukiwa 1988 basi kadi ni ya 1989, na ukimkuta mchezaji Ken Griffey Jr. wa kampuni ya Upper Deck mwaka huo, huyo muache kabisa, ana wenyewe. Kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya kampuni ya Topps 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, sasa uje umpake lipstiki, aisee! PSA, wale wanaokagua na kupima ubora wa kadi, wakiona ukingo tu umepunguzwa kadi inahesabika imechezewa, bei kwisha. Ukichora tumia rangi ya akriliki, peni ya kawaida inateleza kwenye zile zinazong'aa.