Domeini isajiliwe kwa jina lako, si la fundi

Simama hapo hapo ndugu yangu, usimtumie huyo fundi wa tovuti hata shilingi. Umeuliza rangi za ukurasa wako wa mtandaoni na seva (kompyuta ya kuuhifadhi) ya bei nafuu, lakini mimi nimekwama kwenye sentensi yako ya mwisho: "fundi atanisajilia kila kitu kwa barua pepe yake." Na mimi niliahidiwa hivyo hivyo.

Mwaka 2019 nilikuwa nashona sare za shule Morogoro. Kijana mmoja akanitengenezea ukurasa mmoja tu: picha, bei, namba ya simu. Siku ulipofunguka kwenye simu ya dada yangu aliyeko Dodoma, nililia kwa furaha. Nikachapisha kadi 500 zenye ile anwani, nikaitia hadi kwenye lebo za mashati. Domeini, yaani ile anwani yenyewe, imeandikwa jina la nani? Sikuuliza.

Domeini hainunuliwi mara moja ikawa yako milele, unailipia kwa muda, na taarifa ya kulipia tena huenda kwenye barua pepe iliyosajiliwa. Barua pepe ilikuwa ya kijana, na simu yake haikupatikana tena. Januari, msimu wenyewe wa sare, wazazi wakaanza kunipigia kwamba ukurasa haufunguki. Nikaenda kwa kampuni iliyoisajili na ujumbe wangu wote wa malipo, wakasema mwenye jina ni yule kijana. Domeini ya .com, kama ile yangu, ikiisha na kupitisha muda wake wa nyongeza, aliyeandikwa kuwa mwenyewe ana siku 30 za kuikomboa kwa gharama ya ziada, kisha siku 5 inasubiri kufutwa, halafu anaichukua yeyote. Nilizihesabu siku hizo zote nikiwa na hela mkononi! Baadaye anwani ile ikawa inafungua kamari. Kamari, kwenye kola za watoto wa darasa la kwanza!

Na yule kijana alikuwa ameniambia, "Mama, mambo ya kitaalamu niachie mimi." Utaalamu gani? Ni fomu ya jina, simu na barua pepe! Pikipiki ungenunua, kadi ikaandikwa jina la fundi wa gereji?

Fungua akaunti mwenyewe, kwa barua pepe yako, leo. Ukitaka domeini ya Tanzania, ya .co.tz, nenda kwa msajili aliyeidhinishwa. Fundi mpe nafasi ya kupandisha mafaili, basi. Rangi tutaongea ukishapata risiti yenye jina lako.